Umeyavundika maua: matunda na maua kwenye meza moja ya harusi

Swali

Shikamoo mama. Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao hapa Tanga, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupamba meza za wageni, kumi na mbili. Nimeona picha mtandaoni za maua yaliyochanganywa na matunda, nikazipenda. Juzi nikajaribu nyumbani: mawaridi, karnesheni nyeupe, ndizi mbivu, embe mbili, pasheni na machungwa, vyote kwenye bakuli moja kubwa la kioo lenye maji, na vipande vya ndimu vikielea humo. Usiku yalipendeza sana. Asubuhi nakuta karnesheni zote zimejifunga kama zimelala, na maji yamekuwa meupe, yananuka. Muuzaji ananiapia kwamba maua yalikatwa siku ileile. Nimekosea wapi? Halafu mama anauliza kama matunda yale yataliwa baada ya shughuli, maana hataki chakula kitupwe.

Jibu

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa shughuli. Muuzaji wako msimwonee. Maua yalikuwa mazima, wewe umeyavundika.

Unajua ndizi zinavyovundikwa: mkungu unafukiwa shimoni, majani ya mgomba juu, moshi unaingizwa, na baada ya siku chache zimeiva zote kwa pamoja. Kinachofanya kazi pale ni gesi inayoitwa ethilini. Moshi unayo, na tunda lenyewe likianza kuiva huitoa, na tunda la jirani likiipata nalo huanza kuiva na kuitoa. Kwa kiasi kinachotoka kwenye bakuli la matunda huwezi kuiona wala kuinusa. Kwa mwenye ndizi ni habari njema. Ua likiipata huzeeka kabla ya siku zake: petali hujikunja au kudondoka, na machipukizi hukataa kufunguka. Wewe uliweka ndizi mbivu, embe na pasheni chini ya karnesheni, ukafunga mlango ukaenda kulala, tena katika joto la Tanga. Na pasheni ni miongoni mwa matunda yanayotoa gesi hiyo kwa wingi kuliko karibu yote ninayoyajua.

Karnesheni ndilo ua la kwanza kulalamika, na hilo limejulikana muda mrefu. Miaka ya mwanzo ya karne ya 20, wakulima waliokuwa wakipeleka karnesheni Chicago walikuta maua yao yanajifunga yakishahifadhiwa mjini. William Crocker na Lee Knight walilichunguza jambo hilo, na mwaka 1908 wakaandika kwamba mkosaji ni gesi ya kuwashia taa za siku zile iliyokuwa ikivuja kwenye majengo, hasa ethilini iliyomo ndani yake, na kwamba kiasi kidogo mno kinatosha kulilaza ua. Mwaka 1934 Richard Gane, huko Uingereza, akathibitisha kwamba matunda yanayoiva huitengeneza gesi hiyohiyo yenyewe. Kwa hiyo kilichokutokea wewe sebuleni kwenu kina maelezo ya zamani kabisa, na huna haja ya kugombana na mtu sokoni.

Karnesheni zilizolala haziamki hata ukibadilisha maji. Zitoe usizichanganye na mengine, maana karnesheni inayokufa nayo hutoa ethilini ya kwake na kuwaambukiza wenzake.

Sasa, usiache wazo lako. Ni wazo zuri, na kwa meza za harusi mimi nalipenda kuliko maua matupu, kwa sababu tunda linaipa meza uzito na kujaza nafasi ambayo vinginevyo ungeijaza kwa mawaridi ya fedha nyingi. Unachotakiwa kubadilisha ni aina ya matunda, mahali yanapokaa, na saa ya kuyaweka.

Yako matunda yanayoendelea kuiva baada ya kuchumwa: ndizi, embe, papai, parachichi, pera, stafeli, pasheni, tufaha, nyanya pia. Hayo ndiyo yenye gesi. Yako mengine ambayo yakishachumwa yamesimama hapohapo, hayaivi tena, na ethilini yake ni kidogo sana: machungwa, chenza, ndimu, malimau, mabalungi, mafurungu, zabibu, komamanga, nanasi, shokishoki. Meza yako ijengwe kwa kundi hili la pili. Hapo Tanga umebarikiwa, Muheza iko jirani na machungwa yake, na msimu wa shokishoki ukikukuta, chukua matawi mazima na vishada vyake vyekundu. Ila shokishoki huanza kukauka zile nywele zake mapema na kuwa za kahawia, kwa hiyo zinunue asubuhi ya siku yenyewe, au usiku wa kuamkia, uzinyunyizie maji na kuzifunika kwa kitambaa kibichi.

Na usihangaike kutafuta machungwa ya rangi ya chungwa yanayotoka nje. Najua picha ulizoziona zina hayo. Chungwa la pwani linaiva tamu kabisa na ganda lake bado la kijani, kwa sababu ukijani wa ganda huondoka vizuri pale usiku unapokuwa na baridi, na Tanga baridi hiyo haipo. Mengi ya yale yanayong'aa kwa rangi dukani yalipitishwa kwenye ethilini makusudi ili ganda libadilike. Kijani kile cha Muheza, kile chenye madoa ya manjano ubavuni, kikikaa na mawaridi meupe na majani meusimeusi, hakuna picha ya mtandaoni itakayokishinda. Ukitaka rangi kali, pasua komamanga moja kwa kila meza nusu saa kabla wageni hawajaingia.

Kagua kila chungwa kwa mkono. Lenye jeraha, lenye sehemu laini, au lililonyofolewa mtini hadi ganda likachanika, weka pembeni kwa juisi. Ukungu ule wa kijani unaoota kwenye machungwa hutoa ethilini nyingi, kwa hiyo chungwa moja bovu lililojificha chini ya majani linaweza kukufanyia kama pasheni zilivyokufanyia. Muombe mwenye shamba ayakate kwa kisu au mkasi, yabaki na kikonyo kifupi.

Kama mama anang'ang'ania embe na ndizi ziwepo, ziwepo mbichi. Embe lililokomaa lakini bado gumu, na ndizi za kijani, gesi yake ni ndogo mno kwa saa za shughuli. Chana moja ya ndizi mbichi ndogo ni pambo zuri kuliko watu wanavyodhani. Na nikuambie ukweli ili usije ukaogopa kupita kiasi: chini ya hema lililo wazi, upepo wa bahari unapita, hata embe bivu likikaa saa nne karibu na waridi halitafanya madhara utakayoyaona. Hatari iko kwenye chumba kilichofungwa usiku, kwenye buti la gari, kwenye boksi, na kwenye friji ya nyumbani. Friji ndiyo inayowaponza wengi: mtu anaficha maua humo yasichoke, na rafu ya chini kuna maparachichi.

Kwa upande wa maua, kama unaweza, karnesheni ziache. Vile vimaua vidogo vyeupe vya kujazia, jipsofila, navyo vinaumia upesi, na alstromeria, na okidi. Ukizitaka karnesheni kwa lazima, muulize muuzaji kama zilitibiwa shambani kwa dawa yenye madini ya fedha. Mashamba yanayouza nje huzinywesha dawa hiyo, na zikishainywa huivumilia ethilini vizuri zaidi. Mawaridi yanatofautiana, mengine yanastahimili na mengine yanapukutika, kwa hiyo chukua aina uliyokwisha kuijaribu. Wanaovumilia kweli ni krisanthemu, jabera, alizeti, anthuriamu na helikonia. Helikonia na anthuriamu ni maua ya nchi za joto, yanakaa vizuri na nanasi na machungwa kama wametoka bustani moja, na friji hayaitaki kabisa, baridi inayaunguza.

Asumini usiziweke kwenye bakuli. Zinafunguka jioni, kesho yake zimekuwa kahawia, na hazinywi maji ya maana. Zibaki kwenye kikuba cha bibi harusi pamoja na mrehani na kilua, huko ndiko kazi yao.

Ukitumia yungiyungi zile kubwa nyeupe, ng'oa vichwa vyote vya chavua ua linapoanza kufunguka. Mgeni mwenye kanzu nyeupe akiegemea meza, doa lile la chungwa halitoki. Na likishampata, asilifute kwa maji, aligusishe kwa utepe wa gundi ligande na kutoka. Na kwa kuwa Tanga ni mji wa paka, kumbuka pia kwamba yungiyungi hizi zinaua paka, hata chavua tu anayoilamba kwenye manyoya yake inaweza kuharibu figo. Oleanda ya uani nayo isiguse meza yoyote yenye chakula, maana ni sumu jani, ua na kijiti.

Tuje kwenye maji. Ndimu hazikukosea kwa ukali wake. Ua linakunywa maji yenye uchachu kidogo vizuri zaidi kuliko maji matupu. Kosa ni nyama ya tunda kuloweka humo. Sukari na vipande vinalisha bakteria, bakteria wanaziba mirija ya shina, na ua linakufa kiu huku limesimama majini. Tengeneza maji haya badala yake: kwa kila lita moja, kijiko kimoja cha mezani cha sukari, vijiko viwili vya mezani vya maji ya ndimu yaliyochujwa, na robo ya kijiko cha chai cha Jik. Anza na maji, kisha sukari na ndimu, koroga, Jik mwisho. Jik na ndimu usizikutanishe kamwe kabla hazijaingia kwenye maji, mvuke wake unachoma kifua.

Kama bado unataka vile vipande vya ndimu vionekane kwenye kioo, chukua vyombo viwili, kimoja chembamba kinachoingia ndani ya kingine. Maua na maji yake vikae cha ndani. Kwenye uwazi katikati ya kuta mbili, panga vipande vya ndimu vya unene wa nusu sentimita, vikibana vyenyewe kwa vyenyewe, mimina maji kidogo ya baridi. Mgeni ataona ndimu na maua, na maua hayatajua kama kuna ndimu. Fanya hivyo kwa meza ya maharusi tu, kumi na mbili zitakumaliza nguvu.

Meza nyingine fanya hivi. Kule Bali, Indonesia, akina mama hubeba kichwani hadi hekaluni minara ya matunda na maua wanayoiita gebogan, na kwa desturi nguzo iliyo katikati yake ni kipande cha shina la mgomba. Matunda yanachomekwa kwa vijiti vya mianzi, vijiti vinaingia kwenye mgomba, basi. Sisi migomba tunayo, tunaisimamisha mlangoni pa harusi halafu tunaikata na kuitupa, na wakati huohuo tunanunua sponji ya maua ya plastiki ambayo vumbi lake haliozi udongoni.

Tafuta bakuli pana la sentimita 30 hivi, la udongo au hata sinia lenye kingo. Katikati weka kopo au chupa ya jamu isiyozidi kimo cha kiganja, jaza maji yako, na ndani yake sukumiza waya wa kuku uliouviringisha kama ngumi. Huo ndio utakaoshika maua. Kata shina la mgomba magogo ya sentimita nane, upate manne kwa kila bakuli, uyapange kuzunguka kopo mpaka libane na lisitikisike. Fanya kazi hiyo uani na nguo ya zamani. Utomvu wa mgomba ukigusa nguo ya shughuli umeiaga. Magogo yaache yachuruzike saa moja, kisha tandika jani la mgomba bakulini kabla ya kuyaweka.

Chungwa lichomeke kwa vijiti viwili vya mishikaki, siyo kimoja. Kwa kimoja litazunguka na kukugeuzia mgongo kila meza inapoguswa. Vijiti vipite upande wa chini wa tunda, vikiachana upana wa vidole viwili, viingie karibu sentimita nne, wala visitokee upande wa pili. Utasikia ganda linakataa, kisha linaachia ghafla, na tone la juisi linatoka. Lifute palepale, maana hilo ndilo linaloita inzi na nyuki. Kata vijiti vibaki kama urefu wa kidole, kisha chomeka kwenye mgomba kwa kuinamisha kidogo, chungwa liegemee kwenye ukingo wa bakuli. Ndimu inatosha kijiti kimoja. Zabibu funga kikonyo cha kishada kwa waya na kuuchomeka huo waya.

Yapange matunda kwa mafungu. Machungwa matatu yaliyogusana upande mmoja, mawili upande wa pili, ndimu saba zikimwagika katikati yao. Watu wengi hupachika tunda moja hapa, moja pale, kwa usawa pande zote, na meza inaonekana kama imepigwa mihuri. Ua refu kuliko yote lisizidi sentimita 30 juu ya meza, wageni wanataka kuonana wakila. Na tunda lolote lisiguse maji ya kopo.

Nanasi lililotobolewa kuwa chombo cha maua, ambalo nina hakika umeliona kwenye picha hizo, silipendekezi. Linachuruzika, kwa joto letu linaanza kuchacha kesho yake, na vijidudu vya matunda vinahamia. Weka nanasi zima, na taji lake, nyuma ya bakuli la meza kuu.

Picha nyingi unazozipenda zimepigwa dakika kumi baada ya kupanga. Hata wachoraji wa zamani walidanganya kidogo: Jan van Huysum wa Amsterdam, aliyefariki mwaka 1749, alikuwa akichora maua ya majira ya kuchipua pamoja na zabibu za majira ya mavuno kwenye meza moja, vitu ambavyo kwao havikutani. Wewe una saa nane hivi za kuifanya meza iishi, kwa hiyo saa ndizo zikuongoze. Maua yafike siku moja kabla, yakatwe mashina sentimita mbili kwa mshazari, yavuliwe majani yote yatakayozama, yanywe maji usiku kucha kwenye chumba cha ubaridi kisicho na tunda hata moja. Mgomba na makopo vipangwe asubuhi. Maua yaingie mchana. Matunda yaliyochomekwa tayari yasubiri kwenye sinia chumba kingine, na yaingie saa mbili au tatu kabla ya wageni. Kilichopasuliwa kinaingia mwisho kabisa. Jenereta liwe mbali na upande maua yanapokaa, moshi wake nao una ethilini.

Ukiagiza mawaridi kutoka Arusha kwa basi, ongea na kondakta mapema. Basi hilo linapita Moshi, na ukishapita Moshi buti linajaa ndizi. Boksi lako lipande juu kwa abiria, hata kama ni kwa nauli ya kiti.

Sasa swali la mama. Matunda yaliyochomekwa vijiti yasiliwe. Mawaridi si zao la chakula, shambani yanapigwa dawa ambazo hazikupimwa kwa mlaji, na tunda limekaa limetobolewa, limeguswa na majani hayo kwenye joto. Machungwa na mananasi mazima yaliyowekwa tu kwenye meza bila kutobolewa, yakaoshwe kwa maji mengi, yakamenywe, yataliwa bila wasiwasi. Ili roho ya mama itulie, ndizi mbivu, embe na pasheni ulizokuwa umekusudia kupambia zipangeni kwenye masinia ya kula, meza ya chakula upande wa pili wa hema. Hapo zitaonekana, zitaliwa zote, na hazitakuwa na ugomvi na ua lolote. Waambie pia watoto mapema kwamba ya kula ni yale ya kule, kwa sababu chungwa lenye kijiti ndilo litakalowavutia kwanza.

Kwa meza kumi na mbili, ukiweka machungwa matano kila meza, unahitaji 60. Nunua 75, kwa kuwa mengine utayakataa wakati wa kukagua na mengine yatapasuka kwenye kijiti. Ndimu saba kila meza ni 84, nunua 100. Mawaridi tisa kila meza yanatosha kabisa, matunda yamekwisha kukujazia bakuli. Shina moja nene la mgomba halitoshi magogo 48, tafuta mashina matatu au manne, na mwenye shamba akikuuzia yale ambayo mkungu wake umeshakatwa atakupa kwa bei ya bure, maana ni ya kukatwa tu.